Nimepiga tofali la kuchoma mkono ukavimba, onyesho ni baada ya wiki sita. Nakosea wapi?

MkandaKahawia

Habari za jioni wakuu. Mimi ni binti wa miaka 23, nafanya karate hapa Nyakato, mwaka wa nne sasa. Sensei ametangaza kwamba tutafanya onyesho kwenye mahafali ya shule moja ya sekondari na mimi nimepangiwa kuvunja. Kasema hivi tu: "Wewe utavunja mbao, halafu tofali." Basi. Hakusema mbao gani wala tofali gani, na sensei wetu si mtu wa kuulizwa mara mbili.

Jumapili nikaenda Buhongwa, kaka yangu anakojenga. Kuna matofali ya kuchoma yamepangwa pale. Nikachagua moja lililonyooka, nikalilaza juu ya mengine mawili, nikakunja kanga juu yake, nikashusha ngumi kwa upande wa kidole kidogo kama tunavyopiga tetsui. Tofali halikutikisika hata vumbi. Mafundi wakawa wameacha kuchanganya udongo, wananiangalia mimi, nikaona aibu, nikarudia kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo nilipojimaliza. Jumatatu mkono umejaa, nashindwa hata kuparua magamba ya sato, mdogo wangu kaniparulia huku anacheka.

Naomba msaada kwa wanaojua. Kuna ujanja gani ambao sijaambiwa? Mbao zinanunuliwa za aina gani? Na je, ni kweli lazima nianze kupiga ukuta kila asubuhi mpaka mkono uote sugu?

GutaLaIgoma

Mafundi wanapanga foleni ya tofali, wewe unaenda kuzivunja bure, na kaka yako kanyamaza? Dada, njoo Igoma kuna banda la kubomoa. Chai na chapati juu yangu, nguvu zako zisipotee.

BabuRanda

Mwangaluka, mwanangu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Mabatini, na karate nilianza mwaka 1989 nikiwa bado kijana wa kupiga msasa kwa bosi. Mbao za maonyesho nilizokatia watu ni nyingi kuliko nilizovunja mwenyewe, kwa hiyo nitasema zaidi habari za mbao.

Lakini kwanza hilo tofali. Usirudi kulipiga, na usijione dhaifu. Tofali letu la kuchoma ni fupi na nene. Ukililaza juu ya mawili mengine, uwazi unaobaki katikati haufiki hata shibiri. Kitu kifupi na kinene hakipindi, na kisichopinda hakivunjiki kwa mkono wa mtu. Hao unaowaona kwenye video, acha kuangalia ngumi, angalia wanachopiga: ni bamba refu, pana, jembamba. Unene ndio adui yako. Unene ukiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Tena tofali la kuchoma hulijui ndani. Lililokaa karibu na moto kwenye tanuru limeiva likagonga kama kengele, la pembezoni ni nusu udongo. Yote yamechomwa siku moja na kwa macho yanafanana. Mtu akikuvunjia la kuchoma kirahisi mbele ya watu, muulize lilikaa upande gani wa tanuru.

Haya, mbao. Nenda uulize paini, iwe ya Buhindi kule Buchosa au ile inayotoka Mafinga, yoyote. Mninga na mkongo waachie wenye milango. Watakupa "moja kwa nane", yaani unene nchi moja na upana nchi nane, kwa sababu ndiyo imejaa kila mahali. Wewe sisitiza moja kwa kumi, na ukiipata moja kwa kumi na mbili, nunua. Sababu utaiona sasa hivi.

Shika kipande cha mbao mkononi ukitazame. Kuna mistari imekimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kama nyuzi za muwa. Muwa ukiupasua kwa kufuata nyuzi unaachia wenyewe. Ukitaka kuukata kwa kukinga nyuzi, leta panga. Mbao ni hivyohivyo, itapasuka kufuata mstari. Kwa hiyo nguzo zako mbili zikae chini ya zile kingo zinazokwenda sambamba na mistari, na ngumi itue katikati, juu ya mstari unaotaka ufunguke. Ukikosea ukaigeuza, mistari ikavuka kutoka nguzo hii kwenda nguzo ile, hapo umetengeneza chaga ya kitanda. Na chaga tunaiweka hivyo makusudi ili baba na mama walale wasianguke. Nimeona kijana wa mkanda mweusi anapiga chaga mara tatu mbele ya mgeni rasmi.

Ndiyo maana nasema upana wa kumi au kumi na mbili: upana ndio unaokuwa uwazi kati ya nguzo. Moja kwa nane inakaza, uwazi ni mdogo. Ule urefu wa kufuata mistari ndio unaoamua mwenyewe kwa msumeno. Mbao ya futi 12 ina nchi 144. Kata kila nchi kumi, unapata vipande 14 na kibaki kidogo cha kuwashia jiko. Watoto wakatie nchi sita, unapata 24, na kila kimoja kinadai kama asilimia 60 tu ya nguvu ya kile cha kumi. Upana usiguse, punguza urefu tu.

Kataa kipande chenye jicho, hasa likiwa katikati. Jicho ni mahali tawi lilipoota, mistari inalizunguka na mpasuko ukifika pale unakwama. Kataa pia chenye ufa mwishoni. Hicho kitavunjika, ndiyo, ila hujakivunja wewe.

Kisha zikaushe. Mbao mbichi hainyooshi mikono juu, inanesa tu inakurudishia. Zipange kivulini, kila tabaka vijiti viwili katikati hewa ipite, wiki tatu au zaidi. Kuna wanaozikausha juu ya jiko la mkaa mpaka zinakuwa kama biskuti, ukizigusa zinalia. Kwangu mimi huko ni kuwauzia watu mbuzi kwenye gunia.

Na hili nalo ulijue mapema. Ukipanga mbao mbili au tatu ukaweka penseli kwenye kingo zake, zinavunjika moja baada ya nyingine, ya juu ikiidondokea ya chini. Ukizibananisha bila nafasi, zinakukataa zote kwa wakati mmoja. Watazamaji wanahesabu mbao tu, penseli hawazioni. Kutumia penseli si dhambi, ila usije ukajisifia tatu za penseli kama ni tatu za kubanana.

Nikusimulie kwa nini naandika mengi hivi usiku huu. Mwaka 1997, mvua zile za El Niño, tulivuka kivuko kwenda onyesho upande wa Sengerema. Mbao nilizikausha mwenyewe mwezi mzima. Kwenye kivuko mvua ikatukuta, turubai tukawafunika kina mama na watoto, mbao zikalowa. Tukafika, uwanja ni majani na tope. Nikasimamisha tofali mbili, nikaweka mbao nne. Niliposhusha ngumi nikasikia nguzo zinazama, kama vidole viwili hivi, na mbao zikanesa kama godoro. Hazikuvunjika. Nguvu yote nusu imeingia kwenye tope, nusu imerudi kwangu. Mtoto mmoja mbele akapiga kelele, "Mbao imeshinda!" Nilirudi Mwanza mkono nimeufunga kwa mkanda wangu mwenyewe. Mpaka leo nikikunja ngumi, fundo la kidole kidogo halionekani, limezama.

Kwa hiyo nguzo ziwe nzito, tofali za saruji za nchi sita, zikae kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Usikubali mchangani, usikubali kwenye majani. Mkisema mkafanyie ufukweni ili picha zitoke na mawe ya ziwa nyuma yake, mimi simo.

MwalimuWaJioni

Babu kamaliza upande wa mbao. Mimi nafundisha fizikia, na karate naifahamu kwa jirani tu, lakini hili somo huwa nalitumia kuwaamsha kidato cha tatu baada ya chakula cha mchana.

Kuna Mmarekani aliitwa Ronald McNair. Alikuwa na mkanda mweusi wa karate na shahada ya uzamivu ya fizikia, baadaye akawa mwanaanga, akafa katika ajali ya chombo cha Challenger Januari 1986. Mwaka 1979 yeye na wenzake wawili walichapisha vipimo vya jambo hilihili unaloliuliza. Walikuta kwamba mbao ya paini ya unene wa karibu sentimita 2 inavunjika mkono ukiwa na kasi ya mita 6 hivi kwa sekunde, na bamba la zege la unene wa sentimita 4 linataka kama mita 10 au 11. Anayeanza anaifikia ile ya kwanza. Aliyezoea anafika hata 14. Nguvu ya pigo ilipita nyutoni 3,000, yaani kama uzito wa kilo 300, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Utauliza mbona mfupa hauvunjiki wa kwanza. Mfupa unastahimili mkazo mkubwa kuliko zege kwa mara nyingi sana, na mkono haujashikiliwa kwenye ncha mbili kama bamba lilivyo. Una misuli, ngozi, viungo vinavyogawana kishindo. Lakini hayo yote ni pale bamba linapovunjika. Lisipovunjika, nishati haina pa kwenda, inarudi mkononi. Ndiyo maana anayesitasita dakika ya mwisho ndiye anayeumia.

Jambo la pili: ngumi ya kwenda mbele inakuwa na kasi kubwa zaidi mkono ukiwa umenyooka kama robo tatu. Ikifika mwisho wa kunyooka imeshapoa. Mnaposema "lenga nyuma ya mbao" hamsemi falsafa, mnasema jinsi ya kukutana na mbao kasi ikiwa juu.

FundiZege_Kitangiri

Mwalimu kasema bamba la zege, ngoja mwenye zege aongee.

Dada, tengeneza lako mwenyewe. Piga kalibu ya ndani sentimita 40 kwa 20, kimo sentimita 4. Saruji ndoo moja, mchanga uliochekechwa ndoo tano, kokoto usiweke, waya wala nondo usiweke hata kwa bahati mbaya. Sindilia vizuri lisiwe na matundu, piga rula juu lilingane. Likishajishika mwagilia asubuhi na jioni wiki ya kwanza. Zege tunalipa siku 28 kukomaa, na wewe una wiki sita, kwa hiyo anza wiki hii, si wiki ijayo. Litakuwa na uzito kama kilo 7. Tengeneza sita, mawili ya kujifunzia, mawili ya siku yenyewe, mawili ya akiba maana lazima moja litaangushwa na mtu wakati wa kubeba.

Kwa nini linakubali kuvunjika: zege linabeba mzigo mkubwa ukilikandamiza, ila ukilipinda upande wa chini unavutika, na kuvutika zege haliwezi kabisa. Ndiyo sababu kwenye lenta nondo kuu tunazilaza chini. Wewe unapiga juu lakini ufa unaanzia chini. Ukiliweka, ule upande wenye mikwaruzo ya rula uwe juu, ule laini uliolala kwenye kalibu uwe chini. Hapo utaona ufa unaondoka safi. Wengine watabisha kwamba inatakiwa kinyume, waache wabishe.

Na nguzo zikae mwisho kabisa wa bamba, zikilishika vidole viwili tu kila upande. Ukizisogeza ndani umejipunguzia uwazi mwenyewe.

NesiWaZamuYaUsiku

Mimi sijui mbao wala zege. Nawajua wanaokuja saa nne usiku mkono uko kwenye mfuko wa barafu ya samaki.

Mdogo wangu, kabla ya yote, kunja ngumi polepole mbele ya taa. Kidole kidogo kikipanda juu ya cha pete, au fundo lake limezama kama la huyo mzee hapo juu, au ukibonyeza mfupa wa kiganja nyuma yake unaruka, nenda ukapigwe eksirei kesho. Usiseme utasubiri. Mfupa huo ukiunga umepinda, unabaki umepinda. Usikandwe kwa maji ya moto wala mtu asikuvute vidole "kurudisha". Siku mbili za kwanza ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha unapumzisha, na mkono uwe juu ya usawa wa moyo ukilala.

Kupiga ukuta hapana. Sugu ni ngozi tu imekuwa nene, haikulindi mfupa, na viungo vya vidole ukivigonga kila siku kwenye kitu kisichosogea utavidai ukifika miaka 50 ukishindwa kufunga vifungo.

Na nyie wenye klabu, watoto wasipewe tofali wala bamba. Mifupa yao bado ina sehemu laini za kukulia karibu na maungio, ikiumia pale kidole kinaweza kukua kimepinda au kikabaki kifupi. Vimbao vya nchi sita vya Babu vinawatosha, tena kwa kisigino cha mguu au kitako cha kiganja.

MkandaKahawia

Shikamoo Babu, shikamooni wote. Nimekwenda eksirei leo, mfupa mzima, ni nyama tu. Nimeambiwa nipumzishe wiki mbili.

Kaka kaniazima mbao za kutengenezea kalibu na kaninyima saruji. Nimenunua kwa kupimiwa. Swali moja, Babu: sasa nitafanya nini hizo wiki mbili na baada yake, kama ukuta nimekatazwa?

BabuRanda

Marahaba. Nesi asikilizwe kuliko mimi.

Wiki hizo mbili fanya miguu. Ngumi ya kushuka inaanzia kwenye magoti na kiuno, mkono ni ncha ya mjeledi. Mkono ukipona, tengeneza makiwara, yaani nguzo ya kujifunzia kupiga ngumi. Asili yake ni Okinawa, wao walikuwa wakifunga nyasi za mpunga. Sisi tuna katani. Ubao wa nchi mbili kwa nne, uupunguze unene kuelekea juu, uuchimbie chini futi mbili na nusu, kichwani ufunge kamba ya katani mizunguko iliyobanana. Ukiupiga uwe unanesa kidogo. Ndiyo tofauti yake na ukuta: unakupa jibu bila kukuumiza, ukipiga umepinda kifundo cha mkono unakwambia palepale. Anza pigo kumi kila mkono, polepole. Ngumi ya mbele itue kwa fundo la kidole cha shahada na la kati. Yale mawili ya nje yaache.

Kwa bamba usitumie fundo za ngumi kabisa mara ya kwanza. Kitako cha kiganja, vidole umevivuta nyuma, bega likiwa juu kabisa ya bamba. Sensei akitaka tetsui, sawa, lakini itue kwenye nyama ile nene ya pembeni, usipige kwa mfupa wa kidole wala kwa kifundo.

Leta mbao karakana nizikague. Sikutozi kukata, utanifagilia maranda.

MkandaKahawia

Nimerudi kama nilivyoahidi. Onyesho lilikuwa jana.

Mbao mbili za kubanana, bila penseli, zilipasuka mara ya kwanza. Sauti yake sikuitarajia, kama mtu kafunga mlango wa bati. Bamba nilipiga kwa kitako cha kiganja na nilisitasita, nakiri. Mara ya kwanza nilishusha nikashikilia hewani, watu wakacheka. Nikamwangalia Babu, alikuwa amekaa nyuma karibu na spika, akanionyesha kidole chini, sakafuni. Nikaacha kuliangalia bamba nikaiangalia sakafu chini yake. Likakatika katikati, ufa umenyooka kama umepigwa rula. Kiganja kiliwasha kidogo, basi. Fundi, upande laini ulikuwa chini.

Mabamba yamebaki matatu, maana moja kweli liliangushwa wakati wa kushusha kwenye guta. Vipande viwili vya lile lililovunjika nimevibeba nyumbani. Kimoja mama amekiweka chini ya mlango wa uani usipigwe na upepo wa ziwa.

GutaLaIgoma

Hongera. Sasa tuambie, lile tofali la Buhongwa lililokutoa machozi liko wapi?

MkandaKahawia

Nililiwekea alama ya chaki, nilikuwa nimepanga kulirudia. Juzi nimepita, kaka keshalijenga. Kozi ya nne, upande wa jikoni.